Maisha ya Ibn al-Baytar, Mpambanuzi wa Mimea

Jina lake ni Abdallah bin Ahmad, kunia yake ni Abu Muhammad, na lakabu yake ni Dhiyauddin. Lakini watu wa zama zake na waliokuja baada yao hawakumjua ila kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa baitari, na baitari ni tabibu wa wanyama. Alizaliwa Málaga, mji wa pwani ulioko kusini ya Andalus, ambao Waarabu huuita Malaqa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 6 ya Hijra, nayo ni miaka ya mwisho ya karne ya 12 ya Miladi. Ya utoto wake hayakuandikwa mengi, wala si ajabu, kwani waandishi wa tabaka aghalabu huanza kumtazama mtu akisha kupata sifa.

Elimu aliyojishughulisha nayo ni elimu ya mufradat, yaani dawa moja moja kabla hazijachanganywa: jani, mzizi, mbegu, utomvu, hata jiwe. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwenye elimu hii ni kujua dawa fulani inaponya maradhi gani. Hiyo ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza, nayo ndiyo ngumu, ni kujua kwa yakini kwamba kitu alichokishika mkononi ndicho kile kilichotajwa kitabuni. Mimea miwili hufanana kwa shina na jani, mmoja ukawa kiungo cha mchuzi na wa pili ukawa sumu. Na mwenye kukosea hapa hakosei kwa nafsi yake, hukosea kwa roho ya mgonjwa aliyemwamini.

Tena palikuwa na balaa ya majina. Asili ya elimu hii katika vitabu vya Kiarabu ni kitabu cha Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 1 ya Miladi, akakigawa kitabu chake makala tano. Kitabu hicho kilitafsiriwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Mutawakkil. Mfasiri wake ni Istifan bin Basil, na msahihishaji ni Hunayn bin Ishaq. Istifan alipokuta mmea ambao jina lake la Kiarabu analijua, aliliandika. Na alipokuta asioujua, aliliacha jina la Kiyunani vile vile kwa herufi za Kiarabu, akitaraji kwamba Mwenyezi Mungu atamleta mtu wa baadaye atakayelijua. Basi majina yale yakasafiri kutoka nakala hadi nakala, na kila mwandishi akaongeza kosa la nukta yake, hata ikawa mtu anasoma sifa za dawa wala hajui aitafute kondeni au dukani.

Mwaka wa 337 wa Hijra (948) mfalme wa Rum alimpelekea Khalifa Abdulrahman al-Nasir wa Cordoba nakala ya kitabu hicho kwa Kiyunani chenyewe, imepambwa kwa picha za mimea. Wakati ule hapakuwa na mtu katika Cordoba aliyeweza kusoma Kiyunani cha kale. Mwaka wa 340 akaja mtawa jina lake Nicolas, na matabibu wa mji wakakaa pamoja naye, wakalitafuta kila jina na mmea wake katika ardhi ya Andalus, hata hayakubaki yasiyojulikana ila machache. Toka siku hizo Andalus ikawa ndiyo nchi ya watu wa mimea, na katika urithi huo ndimo alimokulia Ibn al-Baytar.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu al-Abbas Ahmad bin Muhammad, maarufu kwa jina la al-Nabati, mtu wa Sevilla, mji ambao Waarabu huuita Ishbilia. Mwalimu huyu yafaa kusimama kwake kidogo, maana bila yeye mwanafunzi hafahamiki. Abu al-Abbas alikuwa mwanachuoni wa Hadithi kabla ya kuwa mtu wa mitishamba. Katika fiqhi alifuata madhehebu ya Dhahiri, njia ya Ibn Hazm, na katika Hadithi alijishughulisha na hali za wapokezi, hata akaandika nyongeza ya kitabu cha Ibn Adi kinachowataja wapokezi walio dhaifu. Mtu aliyezoea kuuliza nani kapokea kwa nani, na je, walikutana, na je, huyu alikuwa na hifadhi nzuri, hawezi kuliona jina la mmea kitabuni akalikubali hivi hivi. Atauliza nani aliuona, aliuona wapi, na ulikuwa na ua la rangi gani. Tabia hii ndiyo aliyomrithisha Ibn al-Baytar, nayo ni bora kuliko dawa zote alizomfundisha. Walikuwa wakitoka pamoja nje ya mji wa Sevilla, wakikusanya mimea na kuitazama pale pale inapoota.

Abu al-Abbas alifika Alexandria mwaka wa 613 (1216) akienda kuhiji. Sultani al-Adil, ndugu yake Salahuddin, alisikia khabari zake, akamwita Kairo akamkirimu na kutaka kumpa mshahara abaki Misri. Akakataa, akasema kwamba amekuja kuhiji na kurejea kwa watu wake, na ndivyo alivyofanya. Mwanafunzi wake alichagua njia nyingine.

Ibn al-Baytar aliiacha Andalus karibu na mwaka wa 617 (1220), miaka michache baada ya vita vya al-Iqab vya mwaka wa 609 ambamo Waislamu wa nchi ile walivunjika. Hakuirudia tena. Alipita Maghribi yote kwa kituo, Bijaya, Tunis, Tripoli, Barqa, kisha akavuka mpaka Antalya na nchi za Rum na Wayunani. Katika kila mji alikuwa akiwatafuta wale wenye kuijua mimea ya kwao, awe tabibu au mchunga mbuzi, akiandika wanavyoiita na kuitazama mwenyewe ilipo.

Mfano wa kazi yake ni mmea mmoja uliomo katika kitabu chake kikubwa, nao huitwa atrilal. Jina hili ni la Kiberberi, na maana yake ni mguu wa ndege. Ibn al-Baytar ameeleza kwamba mmea huu ulijulikana kwanza kwa kabila moja la Waberberi wa upande wa Bijaya. Wao walikuwa wakiwatibu kwa mbegu zake watu wenye mbalanga, na siri yake wakaificha, baba akimwachia mwana, mpaka ilipofichuka. Kisha akaeleza namna ya kuutambua: unafanana na shibiti kwa shina lake na mzizi wake na kwa maua yake madogo yaliyokusanyika mfano wa mwavuli, lakini ua la shibiti ni la manjano na ua la huu ni jeupe. Maneno haya ni machache, na mtu mwenye haraka huyapita asione kitu. Lakini kila apikaye na kutibu kwa viungo anajua kwamba shamari, bizari, giligilani na shibiti zote ni za jamaa moja, zote zina mwavuli ule ule wa maua na majani yaliyochanika. Na katika jamaa hiyo hiyo umo mmea uitwao shaukarani kwa Kiarabu, ambao Wayunani wa kale walikuwa wakiwanywesha waliohukumiwa kufa, na ndio aliokufa kwao Socrates. Mtu asiyejua kutofautisha ndani ya jamaa hiyo asiende kondeni.

Akaeleza pia namna ya kuitumia atrilal: mgonjwa hunywa mbegu iliyosagwa pamoja na asali, kisha hukaa juani, pale penye mbalanga pakiwa wazi, hata ngozi itoe malengelenge. Sharti hili la jua lilionekana kwa wengi kuwa ni katika mambo ya ajabu yasiyo na sababu. Mwaka wa 1947 wataalamu wa Misri walitoa katika mbegu za mmea huo dutu yenye kuifanya ngozi ishikwe na nuru ya jua, na mwaka wa 1948 tabibu Abdel Monem El Mofty wa Kairo akaitumia kuwatibu wenye mbalanga. Ikabainika kwamba jua si nyongeza. Bila ya jua dawa haifanyi kazi, na likizidi jua huunguza. Zilikuwa zimepita karne saba tangu Ibn al-Baytar alipoyaandika hayo.

Alipofika Misri aliingia katika utumishi wa Sultani al-Kamil, mwana wa al-Adil, yule aliyejenga kuba juu ya kaburi la Imam Shafi mjini Kairo mwaka wa 608 (1211), alipokuwa akitawala kwa niaba ya baba yake. Al-Kamil alimpenda sana, akamtegemea katika dawa zote za mimea, akamfanya mkuu wa waganga wa mitishamba wa Misri, ambao kazi yao ilikuwa kuzijua dawa na kuzichunga zisiuzwe moja kwa jina la nyingine. Alipokwenda Sham na Sultani alipata milima na mabonde mapya ya kuyapekua.

Damascus ndiko alikokutana naye Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha tabaka za matabibu, mnamo mwaka wa 633 (1235 au 1236). Yeye wakati huo alikuwa bado kijana, naye ndiye aliyetuachia khabari za kuaminika, maana aliyasimulia aliyoyaona. Walitoka pamoja mara nyingi nje ya Damascus kutazama mimea, na akasoma kwake sherehe aliyoiandika juu ya majina ya dawa katika kitabu cha Dioscorides. Njia ya somo ilikuwa hivi. Ukitajwa mmea, Ibn al-Baytar huanza kwa jina lake la Kiyunani kama alivyolithibitisha katika nchi za Rum, kisha hutaja aliyoyasema Dioscorides juu ya sifa zake na kazi zake, kisha aliyoyasema Galen, kisha waliokuja baada yao, akibainisha wapi wamekhitalifiana na wapi mmoja wao amekosea au amechanganya. Tena alikuwa akitaja kila dawa imo katika makala ya ngapi ya kitabu na ni ya ngapi katika hesabu ya makala hiyo. Mwanafunzi alikuwa na vitabu vyenyewe, cha Dioscorides na cha Galen na cha al-Ghafiqi na vinginevyo, akirejea kwavyo. Akaona kwamba mwalimu hasemi kitu ila kimo. Akamsifu kwa wema wa tabia na utukufu wa nafsi, na hizo ni sifa ambazo watu wenye hifadhi kubwa mara nyingine hukosa.

Kitabu chake kikubwa ni al-Jami, mkusanyo wa dawa na vyakula vilivyo vya asili moja moja, alichompa Sultani al-Salih Najmuddin Ayyub, mwana wa al-Kamil, ambaye alimtumikia baada ya al-Kamil kufa mwaka wa 635 (1238). Ndani yake mna kiasi cha vitu 1,400, navyo vimepangwa kwa herufi za alifu na be, na ukihesabu milango yote pamoja na majina yenye kurejeza kwingine hupita 2,300. Amewataja waandishi zaidi ya 150, na kila neno amelirudisha kwa mwenyewe. Katika dibaji amejiwekea masharti: kutochukua ila lililothibiti kwake kwa kuona au kwa upokezi ulio sawa, kutokariri pasipo haja, kulizindua kosa la waliotangulia palipo na kosa, na kuyataja majina ya kila dawa kwa lugha mbali mbali, Kiarabu, Kiajemi, Kiberberi, Kiyunani na Kilatini cha Andalus, ili msafiri asipotee. Wamesema baadhi ya wahakiki kwamba sehemu kubwa ya kitabu imetoka kwa al-Ghafiqi, mtu wa Andalus wa karne iliyotangulia. Ni kweli kwamba amechukua kwake mengi. Lakini amemtaja jina kila alipochukua, na aliyetaja isnadi yake haitwi mwizi. Kitabu kilipigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka wa 1291 (1874) kwa sehemu nne, na Lucien Leclerc akakitafsiri kwa Kifaransa, kikatoka Paris baina ya 1877 na 1883.

Katika kitabu hiki upo mlango ambao ni mzuri kuutazama kwa kuwa hapo nguvu za mwandishi zimefika kikomo, nao ni mlango wa futr, yaani uyoga. Ameuanza kwa Dioscorides, makala ya nne: uyoga ni namna mbili, wa kuliwa na wa kuua, na unaoua umekuwa hivyo kwa kuwa umeota karibu na misumari yenye kutu, au vitambaa vilivyooza, au pango la wadudu wenye sumu, au miti yenye tabia ya kuufisidi, na alama yake ni kuwa na ute juu yake na kuharibika upesi ukisha kung'olewa. Maneno haya yamepokewa sawa sawa, isnadi yake ni safi, wala hayana kweli. Uyoga haupati sumu kwa jirani yake. Kila namna ina tabia yake tangu kuota kwake, na unaoua huua hata ukiota mahali palipo safi.

Nchi nyingi zilizoizunguka bahari ya Mediterania zina uyoga ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Huota chini ya mialoni, kofia yake ina ukijani, majani membamba yaliyo chini ya kofia ni meupe, shina lina pete, na tako lake limo ndani ya mfuko ambao aghalabu umefichika udongoni, hata mwenye kuukata kwa kisu juu ya ardhi haioni alama iliyo kubwa kuliko zote. Hauna harufu ya kutisha. Kuuchemsha hakuondoi sumu. Mlaji hulala salama, na baada ya saa sita au zaidi huanza kutapika na kuharisha; kisha hupata nafuu, jamaa zake wakashukuru, na kumbe ini linakufa ndani. Mtu aliyeupima kwa kutafuta msumari wenye kutu angeula kwa furaha.

Kuupambanua uyoga kwa namna zake kulichelewa sana. Karibu na miaka 570 baada ya Ibn al-Baytar, Elias Fries, mtu wa Sweden, alianza kukitoa kitabu chake Systema Mycologicum mwaka wa 1821, akautenga uyoga wenye kofia na majani kwa rangi ya unga wake: kofia huwekwa juu ya karatasi usiku kucha, na asubuhi huonekana unga ulioanguka, mweupe au wa waridi au wa kahawia au mweusi. Ni kazi ya macho tu, wala haikuhitaji chombo ambacho mtu wa Damascus hakuwa nacho. Ibn al-Baytar angeliweza kuifanya lau kama angeliutazama uyoga kwa jicho lile alilolitazamia ua la atrilal. Hakuutazama; pengine kwa kuwa katika vitabu vya mufradat uyoga ulihesabiwa ni chakula kibaya chenye faida chache, na mwenye vitu 1,400 vya kuhakikisha hawezi kuvihakikisha vyote. Kamaa, ule uyoga wa jangwani uotao chini ya ardhi bila shina wala jani, nao una mlango wake, na huo Waarabu waliujua vizuri zaidi kwa kuuchimba kila masika, tena umetajwa pamoja na maji yake katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim.

Wala haifai kudhani kwamba aliwanyamazia waliotangulia kwa kuwaogopa. Ameandika kitabu kizima, al-Ibana, cha kubainisha makosa yaliyomo katika kitabu al-Minhaj cha Ibn Jazla, tabibu wa Baghdad aliyekufa mwaka wa 493 (1100), ambacho kilikuwa mikononi mwa matabibu wengi, na kosa lililomo humo lilikuwa likinywewa na wagonjwa. Kitabu chake kingine, al-Mughni, alikipanga kwa viungo vya mwili vyenye maradhi, ili tabibu aone haraka dawa ya kichwa na ya jicho na ya tumbo. Nacho pia ni kwa ajili ya al-Salih.

Ibn al-Baytar alikufa ghafula Damascus katika mwezi wa Shaabani mwaka wa 646 (1248), Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwalimu wake Abu al-Abbas alikuwa amekwisha kumtangulia miaka tisa nyuma, mwaka wa 637, katika mji wake wa Sevilla. Na katika mwezi ule ule wa Shaabani 646, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mzima, Sevilla ilisalimu amri kwa Ferdinand III mfalme wa Castilla, na Waislamu wakatoka wakiyaacha makonde yale ambamo wawili hao walikuwa wakikusanya mimea.